Kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa: hatua kwa hatua

Wadau, somo hili ni kwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Tanzania anayeumwa lakini bado anajikongoja kwenda lekcha. Mwaka wa pili niliugua kifua kikuu. Dozi yake ni miezi 6, nami nikajipa moyo kwamba nitameza dawa huku nasoma. Siku ya testi jasho lilidondoka hadi wino ukasambaa kwenye karatasi. Ndipo nikaanza kuulizia utaratibu, tena kwa kuchelewa.

Kwanza, jua unaomba nini. Kama CA (alama za testi na kazi za muhula) imekamilika na umeugua karibu na UE (mtihani wa mwisho wa muhula), omba mitihani maalumu, ile tunayoita speshali. Kwa kawaida CA yako inabaki. Ugonjwa wa muda mrefu ndio wa kuahirisha muhula au mwaka. Soma kanuni za chuo chako kabla hujaandika.

Pili, ripoti ya daktari. ED (karatasi ya daktari ya kukuruhusu kupumzika) ya siku tatu haitoshi. Ripoti itaje ugonjwa, tarehe matibabu yalipoanza na muda unaohitaji kupumzika, iwe na sahihi na mhuri, na jina lako lifanane na la usajili. Ukitibiwa nje, mara nyingi daktari wa chuo atatakiwa kuithibitisha.

Tatu, barua ya maombi, ipitie kwa mkuu wa idara. Hapa naomba mnisikilize sana: toa nakala, igongwe mhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, ubaki nayo. Barua yangu ya kwanza haikuonekana tena baada ya kuikabidhi, na sikuwa na ushahidi wowote. Nilianza upya nikiwa nahema kila ngazi.

Nne, usiondoke bila jibu la maandishi. Kama umelazwa, ndugu au CR (kiongozi wa darasa) akupelekee nyaraka. Kukosa mtihani bila ruhusa kunaweza kukudiskoisha, yaani kukuondoa chuoni, hata kama kweli ulikuwa kitandani.

Tano, pita dawati la mikopo ukiwa na barua ya kukubaliwa. Boom (pesa ya kujikimu ya mkopo) litasimama. Ukirudi, peleka barua ya kurejea masomoni ili taarifa zako HESLB (bodi ya mikopo) zihuishwe. Wengi husahau hili, wanarudi chuoni hawana hata nauli.

MASWALI YA WANACHAMA

*Nimeshafanya mitihani miwili nikiwa naumwa na najua nimefeli. Naweza kuiahirisha?*
Hiyo miwili ni vigumu sana, umeshaingia chumbani na kuifanya. Iokoe iliyobaki: nenda hospitali leo, barua iingie kabla ya mtihani unaofuata.

*Mimi nina sonona. Nikipeleka ripoti idarani si kila mtu atajua?*
Pole sana, ndugu yangu. Sonona ni ugonjwa kama wangu wa mapafu, na unastahili mapumziko. Kwenye barua andika "sababu za kiafya" tu. Ripoti iweke kwenye bahasha iliyofungwa, umkabidhi daktari wa chuo mwenyewe. Mshauri wa wanafunzi pia anaweza kukusindikiza kwenye hizo ofisi, muone mapema.

*Wazazi wanasema nitapoteza mwaka. Niwaambieje?*
Nenda nao kliniki, daktari awaeleze. Baba yangu alikuwa mkali mpaka alipoonyeshwa picha ya eksirei ya kifua changu. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akanyamaza kidogo, kisha akauliza barua inaandikwaje.