Jedwali la simboli kwenye chipu yenye memori vipande vipande, lisije likakudanganya

Wakuu, mwezi uliopita nimepanda pantoni mara mbili ndani ya wiki moja kwenda Kigamboni kwa sababu ya bodi moja ya pampu ya kisima. Ndani kuna mikrokontrola ya STM32H743 na kikerneli changu mwenyewe, ikikreshi inatema hivi kwenye siriali (PC ni anwani ya amri iliyokuwa inatekelezwa, na kwenye mabano ni jina la fanksheni yake):

`PC=0x000003a6 <haijulikani>`

Siku ya pili ikatema `PC=0x24001f10 <zima_taa>`, na hiyo zima_taa hakuna hata anayeiita, nimekaa nayo usiku kucha natafuta mchawi.

Tatizo ni kwamba kodi ya kutafuta jina kwenye jedwali la simboli (orodha ya majina ya fanksheni na anwani zake) inachukua simboli ya mwisho iliyo chini ya anwani uliyoipa, basi. Sasa chipu hii fleshi inaanzia 0x08000000, ITCM (memori ya haraka ya kodi) ya kilobaiti 64 iko 0x00000000, DTCM (ya haraka ya data) 0x20000000, AXI SRAM (RAM ya kawaida) 0x24000000, katikati hamna kitu. Ni sawa na mtu yuko kwenye pantoni katikati ya maji we unasema yuko Magogoni kwa vile ndo kituo cha mwisho ulichokiona.

Hatua ya 1. Angalia ramani kwanza: `arm-none-eabi-objdump -h kerneli.elf`. Safu ya VMA ni pale kodi inapokimbilia, LMA ni pale ilipohifadhiwa kabla ya kukopiwa wakati wa kuwaka. Jedwali linataka VMA, usichanganye.

Hatua ya 2. Kila kipande kipe alama zake kwenye linka skripti:

```
.haraka : {
  . = . + 32;
  _haraka_mwanzo = .;
  *(.haraka*)
  _haraka_mwisho = .;
} > ITCM AT> FLASH
```

Hizo baiti 32 sio urembo. ITCM inaanzia sifuri, kwahiyo pointa tupu ukiiita, PC inabaki 0 na jedwali litakutajia fanksheni ya kwanza ya ITCM kwa ujasiri kabisa, utaisumbua bure na haina kosa. Ukiacha hilo pengo unaweza pia kulifunga kwa MPU (kinga ya memori ndani ya chipu), maana 32 ndo ukubwa mdogo kabisa inaokubali.

Hatua ya 3. `arm-none-eabi-nm -n kerneli.elf`, chukua T, t na W (herufi za fanksheni) zilizomo ndani ya mipaka tu, D na B (za data) achana nazo. Utakutana na vitu vinaishia na `_veneer`, usivitupe. Toka fleshi mpaka ITCM ni megabaiti 128 na BL (amri ya kuita fanksheni) ya Thumb, seti ya amri za chipu hii, inaruka megabaiti 16 tu kila upande, ndo maana linka anajenga kidaraja hapo kati, na kukreshi juu ya daraja kupo.

Hatua ya 4. Linka mara mbili. Ya kwanza na jedwali tupu, ya pili na jedwali halisi, ila liweke mwisho kabisa wa fleshi ili lisisukume wenzake, halafu linganisha nm ya kwanza na ya pili, anwani za fanksheni zikihama hata moja rudia. Linux wenyewe kallsyms yao (jedwali la simboli la kerneli) wanailinka zaidi ya mara moja, na enzi za prosesa za Blackfin, kabla hazijaondolewa kwenye Linux 4.17 mwaka 2018, walikuwa na mipaka ya `_stext_l1` na `_etext_l1` peke yake kwa ajili ya memori ya ndani ya chipu, kwahiyo sio mimi nimeanza.

Hatua ya 5. Kwenye kutafuta, uliza mpaka kwanza jina baadae:

```
a &= ~1u;
for (i = 0; i < VIPANDE; i++)
  if (a >= k[i].mwanzo && a < k[i].mwisho)
    return tafuta(&k[i], a);
return "nje ya kodi";
```

Ile `~1u` ni kwa ajili ya LR (rejista ya anwani ya kurudi), ambayo kwenye Thumb inakuja na biti ya chini imewashwa wakati nm inakupa namba shufwa.

Nikaflashi upya. 0x24001f10 ikawa "nje ya kodi", kumbe stakii ilikuwa imeliwa. Na ile nyingine ikasema `<soma_mtetemo+0x12>`, pale pale kwenye UDIV (amri ya kugawa), nagawa kwa idadi ya sampuli ambayo bado ni sifuri, na mtego wa kugawa kwa sifuri nimeuwasha kwa mkono wangu mwenyewe kwenye CCR, rejista ya mipangilio ya prosesa.