Slaidi za baba mdogo: jinsi ya kuziingiza kwenye kompyuta nyumbani

Baba mdogo aliporudi kutoka masomoni Ulaya alikuja na projekta moja na makasha manne ya slaidi, yaani vipande vya filamu vyenye picha, kila kimoja ndani ya fremu yake ndogo. Yalikaa juu ya kabati Tanga, kwenye joto na unyevu wa pwani, hadi nilipoyateremsha. Nimekwisha kuharibu chache, kwa hiyo sasa nafanya hivi.

1. Kagua skana. Ile ya kunakilia vyeti humulika kutoka chini tu, na slaidi hutoka nyeusi tii. Tafuta yenye taa ya pili kwenye mfuniko. Yangu ni Epson Perfection V600, inayopokea slaidi nne kwa mkupuo.

2. Kabla ya kuwasha mashine, mwite mkubwa wa ukoo. Nilikaa na shangazi jioni tatu, tukitazama slaidi moja moja juu ya skrini nyeupe ya simu, yeye akitaja majina, mimi nikiandika daftarini. Fremu za Kodak, kampuni ya filamu, mara nyingi zimegongwa muhuri wa mwezi na mwaka. Usiuamini sana: huo ni wakati filamu iliposafishwa maabara, na roli iliweza kulala ndani ya kamera miezi kadhaa. Slaidi yenye muhuri wa Machi 1972 shangazi aliijua papo hapo: harusi ya mwaka uliotangulia. Namba iandike kwa penseli kwenye fremu, kama ni ya karatasi.

3. Vumbi. Tumia kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi. Mdomo hurusha mate. Ukiona nyuzinyuzi za ukungu, maji yakae mbali kabisa. Ukungu hula jelatini iliyobeba picha, na jelatini iliyoliwa huyeyuka ikiguswa na maji. Mimi nilipitisha kitambaa chenye unyevu, bibi harusi akabaki shela bila uso.

4. Panga slaidi kwenye kishikio, ile trei ya skana yenye nafasi za slaidi. Maandishi ya mabango yakitoka kinyume, igeuze.

5. Mipangilio: dpi 3200 (nukta kwa kila inchi), rangi biti 48, faili ya TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Picha ya milimita 24 kwa 36 itakupa takriban pikseli 4,500 kwa 3,000, na faili ya MB 80 hivi. Kupandisha dpi zaidi kwenye skana ya aina hii ni kujaza diski bure. Kufuta vumbi kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kunafaa kwa Ektachrome, aina moja ya filamu ya Kodak. Kwa Kodachrome, aina nyingine ya Kodak, kuzime: filamu hiyo huzuia sehemu ya mwanga huo, mashine ikadhani picha yenyewe ni vumbi. Rangi zilizofifia zirekebishe baadaye, kwenye nakala, kamwe si kwenye TIFF ya asili.

6. Majina ya faili: 1971_Tanga_harusi_014. Weka nakala kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ya nje, na ya tatu nyumba nyingine kabisa. Za kundi la WhatsApp la ukoo zigeuze JPEG, faili ndogo za picha, na uzitume kama dokumenti, la sivyo zitabanwa mpaka sura zipotee na shangazi akulaumu wewe.

Slaidi zenyewe usizitupe. Zirudishe kwenye kopo kavu pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Yoyote inayonuka siki itenge kwanza: filamu yake imeanza kuoza, na mvuke wake huambukiza wenzake.