Kurusha Droni London: Mwongozo kwa Wapiga Video wa Harusi na Sherehe Zetu

Anayetaka kurusha droni Uingereza aanze na katazo moja lisilo na msamaha wa uzito wala wa ustadi: droni hairuhusiwi kupita juu ya umati. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo, CAA, haikutaja idadi ya watu. Umati ni kundi lolote ambalo watu wake hawawezi kutawanyika upesi kwa sababu ya wingi wa waliowazunguka. Kwa kipimo hicho, msafara wa bwana harusi unaosindikizwa kwa ngoma hadi mlangoni mwa ukumbi ni umati, waumini wanaotoka kuswali Idi ni umati, na barabara za Notting Hill wakati wa kanivali ya Agosti ni umati usio na mjadala. Wapo wanaodhani kuwa droni ya chini ya gramu 250 imeepushwa na katazo hili. Kilicholegezwa kwayo ni kingine: inaweza kupita karibu na watu wasiohusika, hata juu ya mpita njia, lakini si juu ya watu waliosongamana.

Uzito wenyewe una mtego wake. Gramu 249 zilizoandikwa kwenye boksi ni za droni na betri yake ya kawaida. Ukiifunga vikinga vya mapanga yake yanayozunguka au ukaiwekea betri kubwa ya kukaa hewani muda mrefu, umevuka mpaka, kwa kuwa sheria hupima kile kinachoruka. Tangu mwaka 2026 droni inayoruka usiku lazima iwe na taa ya kijani inayomweka, na taa ya kubandika nayo ina gramu zake. Kwa hiyo iweke droni kwenye mizani ya jikoni ikiwa na kila kitakachopanda nayo, kadi ya kumbukumbu ikiwemo. Droni isiyo na alama ya daraja, yaani chapa ya mtengenezaji inayoonyesha kundi lake la usalama, ikifika gramu 250, nawe huna cheti cha ziada cha A2, kile cha rubani aliyefunzwa kurusha karibu zaidi na watu, utatakiwa kukaa mita 150 mbali na makazi, maduka, viwanda na sehemu za burudani, jambo ambalo kwa London ni sawa na kuambiwa uibakize nyumbani.

Usajili ni rahisi na hauna sababu ya kukwepwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026, droni yenye kamera na uzito wa gramu 100 au zaidi inahitaji namba mbili. Ya kwanza ni ya rubani, ambayo hupatikana bila malipo baada ya mtihani wa mtandaoni wenye maswali 40, na anayepata 30 amefaulu. Ya pili ni ya mwendeshaji, yaani mtu mzima anayewajibika kwa droni yenyewe. Hii hulipiwa na huhuishwa kila mwaka. Namba inayobandikwa kwenye droni ni ya mwendeshaji, ile inayoanza na GBR-OP, kwa herufi kubwa zenye kimo kinachozidi milimita 3. Wengi hubandika ile ya GBR-RP, ambayo ni ya rubani. Ukimwazima binamu yako droni, naye awe na namba yake ya rubani, na wewe mwenye droni bado unabeba dhamana.

Baada ya hapo kuna vibali vya namna mbili, na kimoja hakijazi nafasi ya kingine. Mwenye ukumbi akikuruhusu kurushia droni uwanjani kwake, amekupa ardhi tu, hakukupa anga. Harusi zetu nyingi hufanyika mashariki mwa London, na humo Newham ndimo ulimo uwanja wa ndege wa London City, ambao eneo lake la katazo lazima liombewe ruhusa kwa waongozaji wa ndege. City of London, Hyde Park na jirani zake, pamoja na Isle of Dogs, nazo zina mipaka yake ya anga. Tazama ramani ya mipaka hiyo ya anga siku ya kazi yenyewe, kwa sababu makatazo ya muda huongezwa. Upande wa ardhi, bustani za kifalme kama Hyde Park, Greenwich na Richmond hazikubali droni, na halmashauri nyingi zina sheria ndogo kama hizo. Popote pale, usizidi mita 120 kwenda juu na usiipoteze droni machoni. Tangu uwanja wa ndege wa Gatwick ulipofungwa Desemba 2018 kwa taarifa za droni kuonekana na abiria wapatao 140,000 kuvurugiwa safari, polisi hawalichukulii jambo hili kama mchezo; kuhatarisha usalama wa ndege kunaweza kukufunga miaka 5.

Kwa mgeni, suala la malipo ni zito kuliko yote. Ukilipwa, bima ya dhima ni lazima, na bahasha unayopewa na mama wa bibi harusi haipotezi sura ya malipo kwa kuitwa shukrani. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri kabisa, kwa hiyo kazi moja ya wikendi inaweza kuvunja masharti ya viza hata kama droni imerushwa kwa utaratibu wote.

Picha nzuri hazihitaji umati chini ya mapanga. Omba nusu saa na maharusi kabla wageni hawajafika, waeleze droni itapita wapi na wafanye nini ikianguka, nao watahesabiwa kuwa wahusika unaoweza kuwasogelea. Msafara upige kwa ubavuni, ukiwa umejitenga nao. Binafsi naona pembe hiyo huonyesha nyuso na mavazi, wakati picha ya wima huonyesha vilemba na vipara. Ua wa wanawake usiukaribie kabisa, na wageni wajulishwe mapema kwamba watarekodiwa.

Anayepanga kuipeleka droni nyumbani aombe kibali kabla ya kukata tiketi. Kenya inadai idhini ya KCAA, mamlaka yake ya usafiri wa anga, ya kuingiza kifaa, na droni isiyo na karatasi hubaki kwa forodha. Tanzania, Zanzibar ikiwemo, inahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, pamoja na idhini ya Wizara ya Ulinzi. Hifadhi za taifa zina vibali vyake mbali na hivyo. Betri zisafiri kwenye begi la mkononi, ncha zake zikiwa zimezibwa kwa utepe, na inayozidi saa-wati 100 iidhinishwe kwanza na shirika la ndege.