Marigoldi kwanza, nyanya baadaye: bustani ya nyumbani kwenye kichanga cha Tabora

Ukichota udongo wa uani kwangu, hapa Isevya, Tabora mjini, ukaubana kiganjani, ukifungua mkono unamwagika kama sukari. Ni kichanga kitupu. Ukimwaga maji asubuhi, mchana ukigusa pamekauka. Lakini kwenye kichanga hichohicho kila kiangazi navuna nyanya, mchicha na bamia, na sebuleni hapakosi maua mezani. Nawaandikia ninyi mnaokaa kwenye udongo kama huu, hasa mliojaribu mara moja mkaacha.

Utaratibu wangu ni mmoja: maua ya marigoldi yanatangulia, mboga zinafuata. Nilifika hapo kwa hasara. Mwaka wa kwanza nilipanda miche 40 ya nyanya. Wiki ya sita ikaanza kulegea saa sita mchana, jioni inaamka, kesho yake tena vilevile. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Duka moja la pembejeo wakaniuzia dawa ya ukungu, nikapiga mara mbili, wapi! Asubuhi moja akapita mzee jirani yangu ambaye amelima tumbaku tangu ujana wake. "Mwangaluka, mayo," akanisalimu, akasimama akatazama. "Ng'oa mmoja tuone mizizi." Nikang'oa. Mizizi ilikuwa imevimba vinundu vinene vilivyofuatana, kama shanga zilizotungwa na mtoto. Akasema, "Hiyo ni minyoo fundo. Sisi wa tumbaku tunaijua sana." Ndiyo maana sasa natanguliza marigoldi, maua ambayo mizizi yake huiua minyoo hiyo.

Hatua ya 1: Ng'oa mmea mmoja utazame mizizi

Kabla ya kununua mbegu wala dawa, tafuta mmea uliodumaa uani, uwe nyanya, bamia, bilinganya au nyanya chungu. Uchimbue taratibu kwa jembe la mkono, usiuvute, halafu suuza mizizi ndani ya ndoo ya maji. Vinundu vikiwa ni sehemu ya mzizi wenyewe, huwezi kuvibandua, hiyo ni minyoo fundo. Hii ni minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Hupenya kwenye mizizi na kuzuia maji kupanda juu, na kichanga chenye joto kama chetu ndicho makazi yake mazuri.

Msichanganye na vinundu vya maharage, kunde na karanga. Vile vimening'inia pembeni mwa mzizi, unavibandua kwa ukucha, na ukikipasua kilicho hai ndani kina rangi ya waridi. Hivyo ni vya heri, vinaleta naitrojeni kwenye udongo. Nimewahi kumwona mtu aking'oa kunde zake nzima kwa kuogopa vinundu hivyo, nikaumia.

Mmea ukinyauka ghafla ungali kijani na usiamke jioni, kata kipande cha shina ukining'inize kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache ukiona kama uzi wa maziwa unashuka, huo ni mnyauko bakteria. Hapo marigoldi haitakusaidia. Ng'oa, choma, na usirudishe nyanya mahali hapo kwa miaka kadhaa.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Tafuta penye jua la saa sita au zaidi kwa siku. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa kupumzika, ila mizizi ya mwembe itakunywea maji yote. Kaa karibu na maji, maana bustani iliyo mbali na bomba husahaulika. Mengine yote yanarekebishika.

Hatua ya 3: Kipe kichanga mwili

Kwa kila mita moja ya mraba natia ndoo moja ya lita 20 ya samadi ya ng'ombe iliyoiva, yaani imekaa miezi mitatu au zaidi hadi haina harufu kali. Samadi mbichi huunguza miche na kuleta magugu. Juu yake naongeza nusu ndoo ya udongo wa kichuguu cha zamani kilichohamwa na mchwa, nimeuponda ukawa unga. Udongo huo una mfinyanzi, na mfinyanzi ndio unaoshika maji ambayo kichanga hakiwezi kuyashika. Changanya hadi kina cha jembe moja. Jioni rudia kubana kiganjani. Udongo ukibaki donge, kisha donge likapasuka ukiligusa kwa kidole, umepatia.

Tuta lisizidi upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga. Wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, nainua tuta. Kiangazi nafanya kinyume: nachimba tuta la kuzama, kina cha kiganja kimoja hivi, kuta zikizuia upepo na maji yasitoroke. Wengi hapa hulima matuta ya kuinua mwaka mzima, ndiyo maana Septemba wanachota maji bila kupumzika.

Hatua ya 4: Februari, jaza tuta marigoldi

Marigoldi ni yale maua ya njano na rangi ya chungwa, majani yake yamechanikachanika na yana harufu kali ukiyafikicha. Chukua ile fupi yenye maua madogo, ndiyo inayofanya kazi vizuri zaidi dhidi ya minyoo fundo. Mizizi yake ina sumu inayoiua minyoo hiyo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanachomeka marigoldi tatu katikati ya nyanya, kisha wanasema haisaidii. Kweli haisaidii hivyo. Sumu ile inafanya kazi pale mizizi yenyewe ilipofika, kwa hiyo lazima tuta zima lijae marigoldi tupu, mche hadi mche sentimita 15 hadi 20, kwa miezi miwili hadi mitatu. Ng'oa kila gugu pia, kwa sababu minyoo hujificha kwenye mizizi ya magugu ikisubiri nyanya zako.

Nasia Februari kwa sababu mvua bado ipo na sihitaji kumwagilia. Mbegu ni nyembamba, nyeusi, zina mkia mweupe. Ziweke kwenye mfereji wa kina cha nusu sentimita, ufunike kidogo, na siku ya tano au ya sita zinachungulia. Kufika Aprili tuta lote linawaka. Sijui niwaeleze vipi furaha ya kufungua mlango saa kumi na mbili asubuhi, umande bado uko kwenye petali, na rangi ile yote iko hapo miguuni kwako. Majirani husimama uani wakasahau walikuwa wanaelekea wapi.

Hatua ya 5: Mei, katakata na upande

Inauma kuyakata yakiwa yamechanua, lakini yakate. Acha mistari ya pembeni, katakata mengine kwa panga vipande vya kidole, uyageuzie ndani ya udongo pamoja na mizizi, umwagilie, usubiri wiki mbili. Wakati huo miche ya nyanya inakua kitaluni. Ikifika wiki ya nne au ya tano uihamishe jioni, jua likishapoa, mche hadi mche nusu mita.

Sasa jambo ambalo kwetu Tabora halikwepeki. Kama umeshika tumbaku, iwe mbichi, iliyokaushwa au hata sigara, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya, pilipili au bilinganya. Mimea hii yote ni ya ukoo mmoja na tumbaku, na virusi vya batobato ya tumbaku huhama kwa mikono. Kwangu ndoo ya maji na kipande cha sabuni viko palepale kwenye lango la bustani, na anayeingia ananawa, hata akiwa mgeni wa heshima.

Mchicha, chainizi na matembele huweka mfuko wako salama wakati nyanya bado. Mchicha ni wiki tatu au nne tu, uchume, usia tena.

Tuta la mita moja kwa tatu nalinywesha kama lita 20 kila jioni ya kiangazi, kwenye shina, si juu ya majani. Nyasi kavu za kufunika udongo ziwe nyembamba na zisiguse shina, maana mchwa wa huku wakimaliza nyasi wanahamia kwenye mche.

Hatua ya 6: Kila asubuhi, anza na maua

Huwa naenda kuyatazama maua, na mkono ukiwa hapo unageuza majani ya nyanya. Ndivyo ninavyomkamata mapema kantangaze, mdudu mharibifu wa nyanya. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani na kuacha baka jeupe kama karatasi. Jani hilo nalichuma nikalifukie mbali. Mdudu huyu aliingia nchini mwaka 2014 na amewatia wakulima hasara kubwa, lakini katika bustani ya nyumbani vidole vya asubuhi hufanya mengi.

Kisha naenda kwenye maboga. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya mchana. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake, dume lina kikonyo chembamba tu. Inama usikilize: ndani nyuki anavuma, amejipaka vumbi la njano hadi mgongoni, anatoka akiyumba. Tuko nchi ya asali, nyuki wapo, na marigoldi na zinia za pembeni huwazoesha kuja uani. Siku wasipokuja, chuma dume, menya petali zake, upake kile cha katikati ndani ya jike kabla ya saa tatu. Na kwa ajili ya nyuki hao, dawa ya wadudu usipige asubuhi kamwe.

Hatua ya 7: Kata maua, tunza mbegu

Maua ya mezani yakate asubuhi, uondoe majani yote yatakayozama majini, ubadilishe maji kila siku mbili. Zinia hukaa wiki nzima. Ukikata shina juu tu ya jozi ya majani, litatoa machipukizi mawili, kwa hiyo usiwanyime majirani.

Ile mistari ya pembeni uliyoiacha Mei, iache ikauke palepale. Vichwa vikishakuwa vya kahawia, chuma mchana wa jua, vianike kivulini siku tatu, chambua, ufunge kwenye karatasi. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu na mbegu huota ukungu. Andika mwezi juu ya karatasi na uiweke mbali na jiko. Vichwa 30 vinatosha matuta mawili Februari ijayo.