Kabla hujakesha na hoki ya vijana ukiwa Mtwara, weka haya sawa

Wadau wa Mtwara, na nyie wa Lindi pia, mashindano ya dunia ya hoki ya barafuni kwa vijana wa chini ya miaka 20 kwa kawaida yanaanza Disemba 26 na kuisha Januari 5 hivi. Anayetaka kuyafuatilia mwanzo mwisho ajipange sasa hivi, asisubiri tarehe 25 usiku ndo aanze kuuliza inaonyeshwa wapi. Sio kama ligi ya Uingereza ambayo ukifika tu banda umiza unakuta imeshawashwa, huku kila kitu unajipangia mwenyewe, ila ukishajipanga aisee utafurahi, maana ni watoto wanaochezea bendera ya nchi yao na wanacheza kwa moyo kweli kweli.

Kubwa kuliko yote ni saa. Yakichezwa Ulaya hakuna shida, mfano 2024 yalikuwa Göteborg kule Sweden na wako nyuma yetu saa 2 tu, unaangalia jioni unalala zako. Kazi inakuja yakiwa Kanada au Marekani. Ottawa 2025 walikuwa nyuma yetu saa 8, Minnesota 2026 saa 9, yaani mechi ya saa 1:30 usiku ya Ottawa huku ni saa 9:30 usiku, na tarehe nayo inakuwa imesharuka, ratiba imeandika 27 wewe huku uko 28 alfajiri. Hapo ndo watu wanapopotea, mtu anakesha siku siyo halafu siku yenyewe amelala fofofo. Chukua ratiba kwenye tovuti ya IIHF, yaani shirikisho la dunia la hoki ya barafuni, kaa na daftari, badilisha kila mechi unayoitaka iwe saa ya huku na tarehe ya huku, halafu tupia kwenye grupu la wasap wote wawe na kitu kimoja. Na usijidanganye kwamba utaangalia zote. Timu ziko 10, makundi mawili ya timu tano tano, nne za juu kila kundi zinaingia robo fainali, za mwisho mbili zinagombania kutoshuka daraja, mechi ni nyingi mno kwa mtu mwenye kazi asubuhi. Chagua mbili au tatu za makundi halafu nguvu zako zitunze kwa robo fainali kwenda mbele.

Kwa wanaoswali, mechi ya saa 9:30 usiku adhana ya alfajiri itakukuta kwenye mapumziko ya kwanza au kipindi cha pili kikiwa ndo kimeanza, mapumziko ni robo saa au zaidi kidogo, kwa hiyo udhu chukua mapema na mkeka uwe karibu, usije ukaanza kutafuta ndala gizani.

Kingine mechi ya mkesha wa mwaka mpya. Kanada wakiwa wenyeji wanapenda sana kucheza usiku wa Disemba 31, na Disemba 31, 2024, kwenye yale mashindano ya 2025, walipangiwa na Marekani hapo hapo Ottawa wakapigwa 4-1, huku kwetu ilikuwa alfajiri ya Januari 1. Sasa siku hiyo nusu ya mji iko kanisani kwenye mkesha na nusu iko barabarani inashangilia, ukitoka huko unaunganisha moja kwa moja na mechi, ila kubaliana na wa nyumbani mapema maana hiyo sikukuu ina wageni na ina pilau la kupika.

Tuje kwenye bando. Mechi moja na mapumziko yake inakula masaa mawili na nusu hivi, ukiangalia kila mtu kwenye simu yake ni hasara tupu, bora mchange watu watano sita, mnunue bando moja kubwa, mtu mmoja arushe kwenye tivii. Na kwenye ubora wa picha usibane matumizi, hoki ukiiangalia kwenye picha ya chini kabisa paki haionekani, ile ni kisahani cha raba nyeusi cha upana wa kama sentimita 7 na nusu, kinaruka kwa spidi kali juu ya barafu nyeupe, picha ikianza kuvunjika inabaki watu wanakimbizana bila sababu. Mpira wa miguu unaweza ukavumilia picha mbovu, huu hapana. Halafu wanaotumia bando la usiku someni masharti linaisha saa ngapi, usikute linakata alfajiri na nyie ndo mnaingia kipindi cha tatu, weka la akiba kwenye laini nyingine. Na ulizeni mapema kwenye tovuti ya IIHF kama mechi inapatikana kwa mtu aliyeko Tanzania na kwa bei gani, msije mkaangukia zile linki za ajabu ajabu zinazoomba namba ya kadi ya benki. Ikishindikana kabisa, vipande vya magoli IIHF wanaweka YouTube, asubuhi unaangalia na chai, sio sawa na laivu ila unakuwa hujaachwa.

Umeme mnajua wenyewe, Disemba na Januari ndo mvua zimeshika huku kusini, ukikatika saa 9 usiku hakuna wa kumpigia. Pawa benki zijae tangu mchana, mwenye ruta atafute namna ya kuiendesha na betri, na kama kuna mwenye tivii ya sola basi huyo ndo awe mwenyeji wenu. Jenereta saa hizo msiwashe jamani, Magomeni na Chikongola nyumba zimebanana, ukishangilia tu mtu wa pili anaamka, sembuse mashine. Mwenye banda naye mkaongee naye kabla, mechi hizi zinaanza mpira wa Ulaya ukiwa umeshaisha kwa hiyo hamgombanii skrini, mkimchangia kidogo na mkaahidi kutopiga kelele anaweza akawaachia funguo. Joto la msimu huo mnalijua, mbu nao hawalali, kwa hiyo feni na dawa ya mbu viwepo, pamoja na korosho za kukaanga na chai ya tangawizi nzito, maana usingizi unakuja kipindi cha pili.

Sasa macho, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo penye utamu. Mgeni wa hoki huwa anahangaika kuikimbiza paki kwa macho, baada ya dakika tano anachoka anasema mchezo hauelewi. Usiikimbize. Angalia wachezaji wamegeukia wapi na kipa amesogea upande gani wa goli lake, ukiona kipa ameshuka magoti jua paki inakuja, macho yako yataikuta yenyewe. Ndani wako sita kila upande pamoja na kipa, vipindi vitatu vya dakika 20, na wanabadilishana mchezo ukiendelea, mtu anacheza dakika moja haifiki anaruka ukuta anakaa, mwingine anaingia, usidhani ameumia. Ofsaidi ipo, ukivuka mstari wa buluu wa eneo la mpinzani kabla ya paki refa anapuliza. Mwenye kosa anakaa kwenye kiboksi dakika 2 na timu yake inabaki pungufu, hapo ndo goli linaingia kirahisi, ukienda kuchemsha chai usiende muda huo. Na mkiona dakika za mwisho timu iliyofungwa inamtoa kipa wake ili kuongeza mshambuliaji, goli linabaki wazi kabisa, sio wamechanganyikiwa, ndo kamari yao ya mwisho. Mchezaji akiwa amevaa kinga ya uso mzima na sio kioo cha nusu, na sio kipa, ujue mara nyingi huyo hajafika miaka 18, mfuatilie kwa makini, Connor Bedard wa Kanada alipita hivyo hivyo na 2023 akamaliza na pointi 23 kwa mechi 7.

Kama mmezoea kusikia kwamba hoki ni ngumi, kwenye haya mashindano ukipigana unatolewa mechi nzima. 1987 pale Piešťany, Chekoslovakia ya wakati huo, Kanada na Umoja wa Kisovieti walipigana uwanja mzima mpaka wakazimiwa taa, timu zote mbili zikafutwa kwenye mashindano.

Timu ya kushangilia ichagueni kabla, bila timu hukeshi. Wengi wanakimbilia Kanada yenye dhahabu 20, na kuna sababu nzuri, Jarome Iginla ambaye baba yake ni Mnigeria alibeba nao ubingwa 1996. Mimi nawashauri mchukue Latvia. Nchi ya watu milioni 1.9 hivi, mkoa wetu wa Mtwara peke yake kwa sensa ya 2022 una milioni 1.6, na Disemba 27, 2024 waliwafunga Kanada nyumbani kwao 3-2 kwa penalti, kipa wao Linards Feldbergs akizuia mashuti zaidi ya 50. Ukiwa na timu kama hiyo hata mechi ya kutoshuka daraja inakutoa jasho.

Mwenye mpango wa kukanyaga barafu yenyewe siku moja, Nairobi ni karibu kuliko Ulaya, kiwanja cha barafu cha pale hoteli ya Panari kilifunguliwa 2005 ndo walipoanzia Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, na 2024 Kenya ikapokelewa IIHF.

Fainali huwa inaangukia Januari 5 au karibu yake, shule zinakaribia kufungua na ada zinadaiwa, kwa hiyo hela ya bando la fainali ichangwe pamoja na ile ya kwanza na ashike mtu mmoja mnayemwamini. Mwenye zamu ya kazini asubuhi yake abadilishane na mwenzake kuanzia sasa, sare kwenye fainali hazina penalti, wanacheza watatu kwa watatu mpaka goli liingie, na hapo hakuna anayejua mtatoka saa ngapi.