Kutoka Dodoma hadi Udzungwa: panga siku tatu, na hesabu kwa miguu

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa hakuna barabara za gari. Ni kilomita za mraba 1,990, na msitu wake huonwa kwa kutembea tu. Ukitoka Dodoma na hesabu za Mikumi, za kukaa garini na kuchungulia dirishani, safari itakuharibikia. Tenga siku tatu: ya kwenda, ya kupanda na ya kurudi.

Siku ya kwanza panda treni ya SGR ya asubuhi hadi Morogoro, chukua bajaji hadi stendi ya Msamvu, kisha basi la Ifakara. Mikumi mjini basi hukata kushoto, na kutoka hapo ni kama kilomita 60 hadi Mang'ula. Utapita Sanje kwanza, lakini usishuke. Makao makuu ya hifadhi yako Mang'ula, na huko ndiko unakojiandikisha, kulipia na kupewa mwongozaji. Beba kitambulisho cha Taifa, maana kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni. Ulale hapohapo Mang'ula.

Kwa mara ya kwanza chagua maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170. Njia huanzia kijiji cha Sanje, kilomita 10 hivi kutoka makao makuu, kwa hiyo bodaboda au bajaji ya kukupeleka na kukurudisha ipange tangu jioni. Anza saa moja asubuhi. Mzunguko huchukua kama saa nne, lakini ongeza mbili za kuoga bwawani na kutazama wanyama.

Aliyezoea hewa kavu ya Dodoma hudanganyika hapa. Mang'ula iko chini sana kuliko Dodoma na ina unyevu mwingi, hivyo jasho halikauki na maji ya mwili huisha upesi. Lita tatu kwa kila mtu, wala usipunguze. Viatu viwe vya soli yenye meno, vilivyokwisha kuvaliwa wiki kadhaa. Kata kucha za miguu kabla ya safari, na wakati wa kushuka kaza kamba za kiatu karibu na kifundo. Wengi huumia vidole kwenye mteremko, si kwenye mlima. Chomeka suruali ndani ya soksi. Ukikanyaga siafu, kimbia hatua kumi kwanza, ndipo uwatoe. Ukisimama papo hapo kujikung'uta, wengine wanaendelea kupanda.

Mbega mwekundu wa Iringa husikika kabla ya kuonekana: simama kimya, tazama tawi linalotikisika juu. Mangabei wa Sanje, aina ya kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, mara nyingi hutafuta chakula chini, akipekua majani. Mangabei huyu hapatikani porini popote duniani nje ya milima hii, na mbega huyo nje yake yuko tu kwenye misitu michache ya bonde la Kilombero lililo jirani. Usiwalishe, na ukiwa na mafua usiwasogelee kabisa, kwani maradhi yetu huwaambukiza.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika njia huteleza na vijito hujaa. Kilele cha Mwanihana ni safari ya siku tatu peke yake, pamoja na askari mwenye silaha kwa sababu ya tembo na nyati. Kiache hadi magoti yako yamekwisha kupimwa na Sanje.