Klorini ya mfereji inaua chanjo ya kideri kabla kuku hajainywa

Wafugaji wa kuku wa Kisauni, Likoni, Changamwe na kwengineko hapa Mombasa, naandika hii kwasababu nimechoka kuitwa kuhesabu mizoga. Kila nikiuliza mlichanja, naambiwa tulichanja ofisa, tena mwezi uliopita. Maji yalikuwa gani? Ya mfereji, ama ya mkokoteni yakamiminwa kwa tangi lenye dawa ya maji. Sasa hapo ulichanja nini jameni?

Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) ya kunywesha ni kirusi hai kilichopunguzwa makali, na klorini haijui hiki ni kirusi cha chanjo na hiki ni kijidudu cha kipindupindu, inaua vyote. Kikifika kimekufa, kuku anakimeza kama pumba na yaishia hapo. Kikifika hai kinashika kwa koo na matumbo, kinazaana, ndipo seli za kinga zinakidaka, na vipande vyake vinafika hadi bandama. Kuku hana zile tezi za limfu alizonazo mbuzi, kwa hivyo bandama ina kazi kubwa kwake. Mle ndani kuna seli za mikono mirefu ambazo vile vipande hazivimezi, zinavishikilia nje ya mwili wao kwa wiki kadhaa, seli B zinakuja kujipima hapo, inayoshika barabara ndiyo inayoendelea na kutengeneza kingamwili. (Hizo seli B hukomaa kwa kifuko kilicho juu ya mkundu wa kuku, bursa, na Gumboro, ugonjwa mwengine wa kuku, ikishakila hicho kifuko hata chanjo nzuri ya kideri haishiki vizuri, lakini hio tutaizungumza siku yake.)

Haya, vipimo. Kuanzia siku 2 kabla ya chanjo usitie dawa yoyote kwa maji, na vyombo vioshe kwa maji matupu, sabuni hapana. Jana yake pima kuku wako wanakunywa lita ngapi kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, hicho ndicho kiasi utakachotumia. Tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa kila lita, yaani lita 4 ni gramu 10, mtungi wa lita 20 ni gramu 50. Pima kwa mizani, nenda dukani wakupimie, hii habari ya "kijiko kimoja hivi" ndiyo inayotuua! Koroga, ngoja dakika 30, maziwa yamalize klorini kwanza ndio ufungue chanjo, maana naona watu wanatia vyote pamoja halafu wanasema walifuata maagizo.

Maji ya kawaida yaondoe saa kumi na moja alfajiri, lisaa limoja latosha kwa joto letu hili. Saa kumi na mbili weka yenye chanjo, kivulini, vyombo vya kutosha kila kuku anywe, na saa mbili kamili yawe yamekwisha. Chanjo isafiri kwa barafu, nyuzi 2 hadi 8. Kichupa cha kuku 100 hakigawiwi kuku 180, na kilichobaki hakirudi frijini kungoja kesho, mwite jirani mchanje pamoja asubuhi hio hio.

Kwa mwenye kuku chini ya 100 mimi nasema achana na maji kabisa, kama maandishi ya chanjo yanaruhusu tia tone moja jichoni. Nyuma ya jicho la kuku kuna tezi ya kinga, chanjo inadakwa hapo hapo na inayobaki inateremkia puani na kooni. Lakini mshike! Mtu anadondosha na kumrusha kuku papo hapo, tone linamwagika kwa manyoya. Ngoja apepese, tone lizame, ndio umwachilie.

Chafya ndogondogo siku ya 3 hadi 5 huku wanakula vizuri ni chanjo imeshika, usikimbilie antibayotiki.

Na kinga haiji siku hio hio. Wiki 2 hadi 3 usilete kuku wa sokoni bandani, hata kama umeuziwa kwa bei ya kutupa.